Makabati yaliyovuka Ziwa Mweru yakiwa vipande

UKIMTAJIA Mtanzania jina la Kilwa, mawazo yake hukimbilia magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo Umoja wa Mataifa kupitia UNESCO uliyaweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Wachache wanajua kwamba ipo Kilwa nyingine, mbali kabisa na bahari. Hii ni kisiwa ndani ya Ziwa Mweru, katika Wilaya ya Nchelenge, Mkoa wa Luapula nchini Zambia. Kisiwa hicho kiko jirani sana na ufukwe wa Kongo, na huko Kongo nako kuna mji unaoitwa Kilwa.

Katika Kilwa hiyo ya ziwani ndipo nilipojifunza, kwa aibu, kwamba kompyuta haimwondolei fundi jukumu la kufikiri.

Dada yangu ameolewa huko. Yeye na shemeji waliamua kufungua duka dogo la dawa, na akiba yao yote ikaishia kwenye chumba cha matofali na shehena ya kwanza ya dawa. Mkaguzi alikuwa ametoa tarehe ya kuja. Dawa zilitakiwa ziwe juu ya rafu safi zinazofutika, si kwenye maboksi sakafuni. Bila rafu, hakuna kibali. Bila kibali, akiba ya miaka inalala.

Mimi nilijifunza useremala Keko, Dar es Salaam, kabla ya kushika kalamu. Shemeji akanipigia simu: "Shemeji, wewe si fundi? Tusaidie basi." Nikajibu kwa majivuno kwamba asihangaike.

Kwa nini vipande?

Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini makabati hayakutengenezwa hapo hapo kisiwani. Mafundi wapo, na ni hodari, lakini wengi ni wa mitumbwi na boti. Mbao ngumu zinapatikana, ila kuzikausha vizuri kwahitaji muda, na muda hatukuwa nao. Chipibodi iliyofunikwa melamini nyeupe, ambayo huhitaji rangi wala vanishi, ilikuwa mjini Kitwe, katika Ukanda wa Shaba.

Nilichora makabati matano ya rafu, yasiyo na milango, kila moja upana milimita 600, kina milimita 300 na urefu milimita 2,100. Yangesimama bega kwa bega kati ya kuta mbili. Shemeji alipima nafasi hiyo chini, katikati na juu, na sehemu iliyobana zaidi ilikuwa milimita 3,010. Matano mara 600 ni 3,000. Zinabaki 10 za kupumulia. Hesabu safi!

Makabati hayo yakiwa yameungwa yanakula karibu mita 2 za ujazo, na mengi ya hayo ni hewa tupu. Yakiwa mbao bapa zilizopangwa, hayafiki robo ya mita moja ya ujazo. Kwa mtu anayelipia nafasi kwenye lori hadi Nchelenge, kisha kwenye boti kuvuka ziwa, tofauti hiyo ni fedha. Aidha, kabati lililoungwa likipigwa na wimbi au likirushwa na shimo la barabarani hulegea viungo, wakati ubao mmoja mmoja uliofungwa kwa nailoni hufika salama.

Wazo hili si geni. Mwaka 1859 kampuni ya Michael Thonet ya Vienna ilitoa kiti namba 14, kilichosafirishwa kikiwa vipande. Viti 36 viliingia kwenye sanduku la mita moja ya ujazo. Katika miaka ya 1950 kampuni ya IKEA ya Sweden ilianza kuuza samani za kuungwa nyumbani, baada ya mfanyakazi wake, Gillis Lundgren, kung'oa miguu ya meza ili iingie kwenye gari. Na wazee wetu wa pwani wamekuwa wakifungua vitanda na kuvihamisha vipande vipande tangu zamani.

Kufuli dogo, kazi kubwa

Kilichobadilika ni kiungo. Fundi wa zamani aliunga kwa ulimi na tundu, akatia gundi, na kazi ikawa ya kudumu. Chipibodi haikubali ulimi, maana ni vumbi na vipande vya mti vilivyogandamizwa kwa gundi. Msumari nao huipasua. Ndiyo maana hutumika kiungo cha kufungua na kufunga, ambacho mafundi wengi hukiita kamu.

Kamu ni kikopo cha chuma, kipenyo milimita 15, kinachozama kwenye uso wa ubao wa kulala. Ubao wa kusimama hukazwa pini yenye kichwa. Pini hupita kwenye tundu la ukingoni mwa ubao wa kulala hadi ndani ya kamu. Ukizungusha kamu kwa bisbisi, karibu nusu mzunguko tu, inakishika kichwa cha pini na kukivuta, mbao zinabanana. Vijiti vya mbao vya milimita 8 huwekwa pembeni ili ubao usicheze. Ukitaka kufungua, unarudisha bisbisi kinyume.

Uzuri huo una masharti. Tundu likikosea hata milimita moja, pini haikutani na kamu. Hapo ndipo inapoingia mashine ya CNC, ambayo keekee na kisu chake huongozwa na kompyuta. Unaipa mchoro, inakata na kutoboa mbao zote sawasawa. Hata hivyo, mashine nyingi za meza bapa hutoboa kutoka juu tu. Matundu ya ukingoni hutobolewa kwa mkono au kwa mashine nyingine.

Kosa langu

Mchoro wangu ulikuwa wa ubao wa milimita 16. Siku ya kukata, karakana ikanipigia simu kwamba ubao huo umekwisha, kuna wa milimita 18. Nikasema, "Vizuri zaidi, ni mnene, kateni." Sikuomba mchoro urekebishwe, nao hawakuniuliza.

Mzigo ulifika kisiwani ukiwa mkavu, bila kona hata moja iliyovunjika. Nikafungua nailoni mbele ya dada, shemeji na majirani waliokuja kutazama. Nikaunga kabati la kwanza. Kamu zikawa zinazunguka bila kushika. Nikapima upana: milimita 604!

Nikakaa chini. Mbao za kulala zilikatwa milimita 568, yaani 600 kutoa unene wa mbao mbili za 16. Sasa mbao za pembeni zilikuwa za 18 kila moja, hivyo 568 na 36 zikawa 604. Makabati matano yakawa 3,020 ndani ya nafasi ya 3,010. Zaidi ya hayo, matundu ya kamu yalikuwa na kina cha milimita 12.5, kinachofaa ubao wa 16. Ubao wa 18 unataka 13.5. Mashine haikukosea hata kidogo. Ilitii.

Mkaguzi alibakiza siku mbili. Mashine ilikuwa Kitwe.

Mzee wa boti

Shemeji akaenda kumwita mzee mmoja anayeunda boti ufukweni. Nilijua kwamba kazi ya rafu alikuwa ameiomba yeye kwanza, tukamnyima. Alikuja, akanisalimu kwa Kiswahili cha Kongo, akageuza ubao mmoja mkononi na kukichungulia kikopo kile.

"Kwa hiyo hii inafunguka?" akauliza.

"Ndiyo, mzee. Yote inafunguka."

"Basi unalia nini, mwanangu? Kitu kinachofunguka hakijaharibika."

Alisimama kati ya makabati mawili ya mwanzo, akaweka kiganja kimoja kwenye ubao wa mwisho wa kabati la kwanza na kingine kwenye ubao wa mwanzo wa kabati la pili. "Hapa kuna kuta mbili zinazogusana. Nyumba mbili zinaweza kutumia ukuta mmoja."

Nilihesabu: 3,020 kutoa 18 ni 3,002. Inaingia!

Tuliondoa ubao mmoja. Kabati la kwanza tukalishika kwenye ubao wa jirani kwa skrubu nene za chipibodi, za milimita 7 kwa 50, ambazo nilibeba za akiba. Tulitoboa milimita 7 kwenye ubao wa kusimama na 5 kwenye ukingo wa ubao wa kulala, mbali na matundu ya zamani, skrubu mbili kwa kila ubao. Vichwa vilizamishwa, na mbao za kabati la pili zilipokuja juu yake zikavifunika. Matundu ya vishikizo vya rafu tuliyatoboa hadi upande wa pili, tukiwa tumebana kipande cha ubao nyuma ili melamini isimeguke.

Ikabaki kina cha kamu. Hatukuwa na keekee ya milimita 15. Mzee alichukua keekee bapa ya nusu inchi na moja ya nane, ambayo ni karibu milimita 16, akaipiga tupa pande zote mbili na kuipima kwenye kikopo chenyewe mpaka ikalingana. Akaizungushia utepe kuweka alama ya kina. Matundu 54, milimita moja kila tundu, tukipokezana keekee ya betri. Usiku wa manane kamu ya kwanza ilikaza kwa mlio mdogo. Dada akapiga vigelegele.

Mkaguzi alikuja, akapitisha kidole juu ya rafu, akaandika. Kibali kilitoka.

Ya kukumbuka

Kwa fundi anayefikiria kazi za aina hii, nina machache ya kusema. Kwanza, pima unene wa ubao halisi kabla ya kukata. Ukibadilika, mchoro wote ubadilike. Pili, unga kabati moja la majaribio karakanani kabla mzigo haujaondoka. Tatu, usikaze kamu kwa nguvu za kifua, chipibodi itamomonyoka. Nne, ziba kila ukingo kwa utepe, maana unyevu wa ziwa huvimbisha chipibodi na kiungo hakitashika tena. Tano, beba viungo vya akiba.

La sita ni langu mwenyewe. Mafundi wengi wanaogopa kwamba mashine hizi zitawanyang'anya ugali, na hofu hiyo ina msingi. Kazi ya rafu ilimpita mzee yule kwa sababu hiyo hiyo. Lakini mashine iliweza tu kutekeleza kosa langu mara 60 bila kuchoka. Aliyelisahihisha ni mtu aliyezoea kuulinganisha ubao na maji.

Shemeji alimlipa ujira kamili. Kabla sijaondoka, mzee aliniomba nimwachie kamu mbili na pini zake. Nilipomwuliza za nini, alicheka. "Boti yangu ina benchi linalonisumbua wakati wa kupakia samaki," akasema. "Nataka lifunguke."