Kibarua Kisiote Nyasi

Neno kibarua, kama lijulikanavyo, asili yake ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu kiwe ushahidi wa kazi yake. Hata leo mtu akiachishwa kazi twasema kibarua chake kimeota nyasi. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga msemo huu ulikoma kuwa mzaha.

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche aliyoiagiza kutoka Florida, iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na mwanzo mdogo huo mwaka 1964 nchi ilitoa singa zipatazo tani 230,000. Kisha kamba za nailoni na plastiki zikajaa sokoni, bei ikaanguka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 zilipatikana kama tani 20,000 tu. Msomaji na akadirie mwenyewe ni nyumba ngapi zilizokosa mshahara: za wakata mkonge, za waanika singa, na za watu wa korona. (Korona ya Tanga ni mashine ya kukamua mkonge, wala si yale maradhi ya mwaka 2020.)

Twayataja haya kwa kuwa vijana wengi hudhani afukuzwaye kazi ni mvivu. Sivyo. Soko likiharibika hutoka hata hodari, na anayedai kuwa na dawa ya hakika ya kulinda kazi anawadanganya watu.

Hata hivyo, tajiri aliye na watu kumi akalazimika kubakiza wanne, humtazama nani? Sura ya Al-Qasas yatusimulia habari za Nabii Musa, alayhi salaam, alipofika Madyan hali ni mkimbizi asiye na kitu. Binti wa mzee mmoja alimshauri baba yake amwajiri, akataja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Nguvu, kwa zama zetu, si misuli peke yake. Fundi wa mashine ajuaye pia kuandika daftari la ghala ana nguvu mara mbili, na kujifunza huko hakungoji siku tangazo libandikwapo ukutani. Ama uaminifu, huo haujifunzwi kwa wiki moja. Tajiri huukumbuka tangu siku zile ambapo hakuna aliyekuwa akitazama.

Lakini iko njia nyingine ya kubaki kazini, nayo ndiyo hasa iliyotufanya tushike kalamu. Mtu husikia kwamba watu watapunguzwa, akaanza kumwendea msimamizi usiku. Fulani huchelewa, fulani alikusema vibaya, fulani ni mgonjwa ila anaficha. Na tukiri kweli: mara nyingine mtu huyo hubaki, na mwenziwe hutoka. Ijumaa wakasimama safu moja, bega kwa bega, mmoja akijua na mwingine hajui. Mlinzi wa ghala aonaye wizi akausema, huyo ametimiza amana yake. Yule wa usiku afanyalo ni namima, na mashekhe wetu wameihesabu katika madhambi makubwa.

Basi ni kitu gani kimsukumacho mtu mwema hadi huko? Mara nyingi ni hofu aliyotoka nayo nyumbani: deni la dukani, mkopo wa riba uliochukuliwa kwa ajili ya harusi, na aibu ya kumwambia mkewe kwamba kazini mambo si shwari. Mke aliyefichwa hali halaumiwi akitaka kanga za sikukuu. Na aambiwe mapema, na watoto wakubwa nao waambiwe. Nyumba iliyoweka akiba ya chakula cha miezi miwili mitatu humpa baba usingizi. Nabii Yusuf, alayhi salaam, aliwashauri watu wa Misri waweke nafaka katika miaka 7 ya neema, kabla ya ile 7 ya shida. Hakungoja ghala liwe tupu.

Na ikiwa kibarua cha mwenzio kimekwisha ota nyasi, nawe umebakizwa, mwendee jioni ile ile. Usingoje akuombe. Chukua unga, kaa naye barazani, na ukisikia mahali panapotakiwa mtu, taja jina lake.