Makato yamebadilika? Soma lebo kabla ya kumwaga gunia

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa tangawizi anayeshusha mzigo kutoka Mamba Miamba, wilayani Same, hana muda wa kubishana kwenye mizani. Gari linasubiri, barabara ya milimani inateleza mvua ikinyesha, na tangawizi mbichi ikikaa inanyauka na kupungua uzito. Swali lake ni moja: mbona makato ya safari hii si yale ya mwezi jana?

Zamani jibu lilikuwa kwenye daftari la karani. Lakini mnunuzi au chama cha ushirika kinachopiga hesabu kwa kompyuta, kiwango cha makato kimo ndani ya programu. Fundi akikibadilisha, nani atajua?

Fundi makini hutunza programu yake ndani ya Git, chombo kilichotengenezwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland. Kila badiliko linalohifadhiwa humo hupewa namba, jina la aliyelifanya, tarehe, saa na maelezo mafupi. Hiyo ndiyo lebo ya gunia.

Tatizo ni namna ya kutafuta. Wapo mafundi ambao wakiulizwa hurudisha toleo moja moja la programu nzima, wakalifungua na kulilinganisha na lililotangulia. Huko ni kumwaga kila gunia ghalani ili kusoma jina la mwenye mali, na saa hizo zote analipia mwenye biashara.

Kama viwango viko kwenye faili liitwalo makato.txt, amri moja inatosha:

git log --format="%h %an %ad %s" -- makato.txt

Itatoa namba, jina, tarehe na maelezo ya kila badiliko lililogusa faili hilo, na mengine itayaacha. Fundi anayeandika programu ya kusoma taarifa hizo aiite Git mara moja na kupokea orodha yote. Kuianzisha upya kwa kila rekodi ndiko kunakochelewesha kazi, na kununua kompyuta kubwa zaidi si dawa. Akiwa na namba nyingi za kuulizia, ipo git cat-file --batch, ambayo hubaki wazi ikipokea namba na kujibu.

Kuna pia suala la bando. Amri ya git clone --filter=blob:none --no-checkout huleta historia yote na majina ya mafaili bila yaliyomo. Yaliyomo yatafuatwa mtandaoni pale tu yatakapohitajika. Wengi hukimbilia --depth 1 kwa sababu ni nafuu, lakini hiyo huleta toleo la mwisho peke yake, na swali la mkulima linabaki pale pale.

Tahadhari mbili. Jina na saa hutoka kwenye kompyuta ya aliyehifadhi, hivyo vyaweza kuwa si sahihi. Ni mahali pa kuanzia kuuliza, si hukumu. Pili, historia hii ni ya programu. Kilo zilizopimwa ziko kwenye stakabadhi, na mkulima asiiache mezani.

Chama kinachoagiza programu kiandike kwenye mkataba kwamba nakala ya historia itakaa ofisini kwake, si kwenye kompyuta ya mpakato ya fundi pekee. Nakala hiyo iwe kamili, si ile ya kuokoa bando.