JE, WAJUA? Mbavu za Gitaa

Je, wajua kwamba anayenunua gitaa kavu kwa kutazama urembo wa nje anaacha kukagua sehemu muhimu kuliko zote? Sauti hutoka hasa kwenye ubao wa mbele, wenye unene wa milimita 3 hivi. Ubao huo huongozwa na vijiti vilivyogundishwa kwa ndani. Hapa tuviite mbavu.

...mbavu zina kazi mbili zinazogombana? Nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Mbavu zikiwa dhaifu, ubao hubinuka. Zikiwa nene mno, ubao haurindimi.

...zeze la kibuyu halina mbavu? Kibuyu kimeviringika, kwa hiyo hujishikilia chenyewe, tena uzi wake hauvuti sana. Ubao wa gitaa ni bapa.

...gitaa la umeme la mbao nzima nalo halina? Bendi zilizoipa Tabora jina, kama Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, zilitegemea umeme: sumaku hunasa mtetemo wa nyuzi, spika ikamaliza kazi.

...fundi wa Kihispania Antonio de Torres aliunda gitaa la karatasi ngumu mwaka 1862? Mgongoni na pembeni aliweka karatasi, mbele akaweka mbao na mbavu zilizotandazwa mfano wa kipepeo cha mkono. Alitaka kuonyesha kwamba ubao wa mbele ndio wenye sauti.

...mbavu zilizopishana kama herufi X zilianza kutumiwa na kampuni ya Martin, Marekani, katika miaka ya 1840? Wakati huo nyuzi zilikuwa za utumbo wa mnyama. Nyuzi za chuma ziliposhika soko katika miaka ya 1920, muundo huo ukaonekana kuzimudu vizuri.

...magitaa ya Martin ya kabla ya mwishoni mwa 1944 yanasifiwa kwa besi nzito? Mbavu zake zilichongwa mabonde ili kupunguza uzito. Wapigaji walipozidi kufunga nyuzi nene, kampuni ikaacha kuchonga, ikarudia mwaka 1976 kwa gitaa la HD-28. Kwa hiyo ukongwe pekee hautoshi: gitaa la 1938 na la 1955 yote ni ya zamani, lakini ndani hayafanani.

...mbavu zilizolazwa sambamba kama vipago vya ngazi ni rahisi kutengeneza? Ndiyo maana zilijaa kwenye magitaa ya bei nafuu. Sauti yake ni kavu, hutoka kwa ukali na kuzimika upesi. Lead Belly, mwimbaji wa blues, alijipatia jina na gitaa la Stella la nyuzi 12, lenye mbavu za namna hiyo.

...njia ya misafara ya Tabora inagusa historia ya gitaa? Msiri alitoka Unyamwezi katika karne ya 19, akafuata biashara ya shaba hadi Katanga, katika Kongo ya leo, akasimamisha ufalme wa Wayeke huko Bunkeya. Hapo Bunkeya alizaliwa mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco mwaka 1930. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi akipiga wimbo wa "Masanga" kwa gitaa kavu, kidole gumba na cha shahada vikifanya kazi ya watu wawili.

...misitu ya miombo inayoizunguka Ntalikwa, huko Tabora, ina mbao za gitaa, isipokuwa za mbavu? Mninga unafaa mgongo. Mpingo, mzito kiasi cha kuzama majini, unafaa ubao wa vidole. Mbavu hutaka mti mwepesi lakini mkakamavu, kama sprusi, ndugu wa msonobari, unaoota nchi za baridi.

...gitaa la nyuzi za nailoni halifai kufungwa nyuzi za chuma? Mbavu zake ziliandaliwa kwa mvuto wa kilo 40 hivi. Ubao utavimba nyuma ya daraja, pale nyuzi zinaposhikiliwa ubaoni.

...kiangazi cha Tabora ni adui wa mbavu? Mbao hukauka na kusinyaa, gundi ikaachia. Kabla ya kulipia gitaa la mtumba, ingiza kioo kidogo kwenye tundu, mulika kwa tochi, kisha gonga ubao taratibu. Ukisikia mchakacho, kuna ubavu umebanduka. Omba upunguziwe bei au tafuta jingine.