Hereni ya Ng'ombe na Daftari Lako

Mkulima wa Ganda, ng'ombe wako akikata kamba usiku, kesho yake akaonekana katika zizi la mtu upande wa Malindi, utathibitishaje kuwa ni wako? Utasema ana baka jeupe pajani. Wenye mabaka meupe ni wengi!

Siku hizi iko hereni ya kielektroniki. Jirani zetu wa Tanzania walitunga sheria ya kutambua na kusajili mifugo mwaka 2010, na hereni hizi wamekwisha kuzitumia. Ni kidude cha plastiki mfano wa kifungo cha koti, na ndani yake mna namba ya tarakimu 15. Tatu za mwanzo zikiwa 404, hiyo ni Kenya. 834 ni Tanzania. Haina betri. Chombo cha kusomea kikisogezwa karibu na sikio, namba hutokea.

Lakini usidanganyike. Hereni haimfuati mwizi, wala haikuambii ng'ombe yuko wapi. Ni namba tu, na namba isiyoandikwa popote ni pambo. Basi siku ile ile ya kumvika, andika katika daftari lako: namba, rangi, siku aliyozaliwa, mama yake, na kila chanjo. Ukimwuza, hakikisha jina la mwenyewe limebadilishwa katika sajili.

Mwachie bwana mifugo kazi ya kutoboa, mbali na mishipa ya damu. Kidonda kitazame kila siku mpaka kikauke. Nzi wetu wa pwani hawangoji.