Wanaoikimbia lami

Katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki, barabara ya changarawe ni jambo la kulalamikiwa. Wakati wa kiangazi ni vumbi, wakati wa masika ni tope, na kila uchaguzi unapokaribia hakosekani mgombea wa kuahidi lami.

Ulaya na Marekani, hata hivyo, wapo watu wanaotumia fedha nyingi kuitafuta barabara ya namna hiyo hiyo. Wanataka njia isiyo na malori, inayokatiza mashamba na malisho, na wanaipita kwa baiskeli iliyoundwa mahususi kwa ajili yake.

Kilichoanza kama burudani ya wachache sasa ni mchezo kamili. Mwezi Oktoba mwaka 2022, Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli, UCI, liliandaa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia kwenye changarawe, katika jimbo la Veneto, kaskazini mwa Italia. Gianni Vermeersch wa Ubelgiji alitwaa taji la wanaume, na Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa lile la wanawake.

Tairi pana, upepo mdogo

Kwa anayeitazama kwa mbali, baiskeli ya changarawe haitofautiani sana na ile ya mashindano ya barabarani. Fremu yake ni nyepesi, na usukani umepinda kuelekea chini kama pembe za kondoo dume.

Siri imo kwenye tairi. Tairi la lami lina upana wa milimita 25 hadi 30 hivi, ilhali la changarawe hufikia milimita 40 au zaidi. Fremu nayo huachiwa nafasi ya kutosha ili tope lisigande na kulizuia gurudumu.

Tairi hilo pana hujazwa upepo mdogo, mara nyingi kati ya pauni 30 na 40 kwa inchi ya mraba. Tairi nyembamba za zamani zilijazwa hadi pauni 100, kwa imani kwamba tairi gumu ndilo lenye kasi. Juu ya kokoto imani hiyo huponza: tairi gumu hurukaruka, na kila linaporuka, nguvu za mwendeshaji hutumika kumnyanyua yeye na baiskeli yake badala ya kumsukuma mbele. Tairi laini hulikumbatia jiwe na kupita.

Wengi pia wameachana na tyubu. Ndani ya tairi hutiwa majimaji mazito ambayo, mwiba unapotoboa, hukimbilia kwenye tundu na kuliziba. Lakini tairi likichanwa ubavuni na jiwe kali majimaji hayo hayafui dafu, na mwenye baiskeli hurejea kwenye ufundi ule ule wa kijijini: kiraka, pampu na subira.

Fundi wa baiskeli wa Busia, mji wa mpakani ambako usafiri wa boda boda ulianza kwa baiskeli, huenda asishangazwe na mengi kati ya hayo. Baiskeli nzito ya chuma, yenye abiria au gunia la mkaa nyuma, imepita kwenye changarawe miaka mingi bila mtu yeyote kuuita mwendo huo mchezo.

Mawe ya Kansas

Mji unaotajwa zaidi katika historia ya mchezo huu ni Emporia, katika jimbo la Kansas, katikati ya Marekani. Mwaka 2006 waendeshaji 34 walianza hapo safari ya siku moja ya takriban kilomita 320. Leo tukio hilo huvuta maelfu ya washiriki.

Emporia umepakana na vilima vya Flint Hills, vilivyopewa jina la jiwe gumu lililojaa ardhini mwake. Jiwe hilo ndilo lililowashinda wakulima wa karne ya 19. Majembe ya plau hayakufua kitu, eneo likaachiwa ng'ombe, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya mbuga za nyasi ndefu zilizosalia Marekani inapatikana huko. Jiwe lililoikoa nyasi ndilo sasa linalochana tairi.

Barabara nyingi za huko zilichorwa kwa mistari iliyonyooka, zikikutana kila baada ya maili moja, kufuatana na upimaji wa ardhi ulioanzishwa na serikali ya Marekani mwaka 1785. Zilikusudiwa kumfikisha mkulima sokoni. Lakini vijijini watu wamepungua, na mwendeshaji anaweza kupita saa nzima bila kukutana na gari.

Mvua ikinyesha, hali hugeuka. Mwaka 2015, na tena mwaka 2023, tope zito la Kansas lilisimamisha magurudumu, na washiriki wakalazimika kubeba baiskeli zao begani.

Jina la mashindano hayo nalo lilibadilishwa mwaka 2020. La awali lilimtaja Kanza, kabila la wenyeji wa asili wa eneo hilo, likiambatana na neno lenye maana ya uchafu. Sasa yanaitwa Unbound Gravel.

Njia ya nani?

Nchini Italia, baiskeli zilitumika kuziokoa barabara zenyewe. Katika mkoa wa Toscana, barabara nyeupe za changarawe zilizokatiza mashamba ya mizabibu zilikuwa zikitoweka moja baada ya nyingine chini ya lami. Mwaka 1997, Giancarlo Brocci alianzisha L'Eroica katika mji mdogo wa Gaiole in Chianti, safari ya baiskeli za kizamani yenye nia ya kuzifanya barabara hizo zithaminiwe. Miaka kumi baadaye yakazaliwa mashindano ya wataalamu, Strade Bianche, yanayomalizikia katika uwanja mkuu wa mji wa Siena.

Uingereza, suala si lami bali ni sheria. England na Wales, njia nyingi za mashambani ni za waenda kwa miguu pekee. Sheria ya mwaka 1968 iliwaruhusu wenye baiskeli kutumia njia za farasi, kwa sharti la kuwapisha wapanda farasi na watembeao. Anayeendesha kwenye njia ya miguu bila idhini ya mwenye ardhi, kwa kawaida hatendi jinai, lakini anaweza kudaiwa mahakamani. Uskochi ni pana zaidi: sheria ya mwaka 2003 inampa mwenye baiskeli haki ya kupita karibu kila mahali, mradi asilete madhara. Mgeni aliyezoea kwamba kila kichochoro cha shambani ni cha wote hana budi kusoma vibao.

Kutoka Mara hadi Vermont

Afrika Mashariki iliingia katika mchezo huu kwa kishindo, na kwa msiba. Mkenya Suleiman Kangangi, aliyeshika nafasi ya tatu katika Tour du Rwanda mwaka 2017, alikuwa nahodha wa Team Amani, timu ya waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda.

Hesabu yao ilikuwa ya busara. Mbio za lami huamuliwa na timu kubwa na uzoefu wa miaka mingi Ulaya. Changarawe huwatawanya watu mapema, na mwenye mapafu ya nyanda za juu hubaki na nguvu zake. Gharama ya kusafiri ilikuwa kikwazo, kwa hiyo mashindano yakaletwa nyumbani. Mwezi Juni mwaka 2021, Migration Gravel Race ilifanyika kwa mara ya kwanza katika eneo la Maasai Mara, takriban kilomita 650 kwa siku nne.

Tarehe 27 Agosti mwaka 2022, Kangangi alianguka akiwa katika mwendo wa kasi kwenye mashindano ya Vermont Overland, kaskazini mashariki mwa Marekani, akafariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 33, baba wa watoto watatu. Utulivu wa barabara za mashambani huficha hatari hiyo: kwenye mteremko, kokoto huviringika chini ya tairi, breki haina pa kushika, na hospitali huwa mbali. Wenzake wameendelea kushindana.

Mwezi Septemba mwaka 2025 Kigali iliandaa mashindano ya ubingwa wa dunia ya barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Hayo yalipita kwenye lami na mawe ya kupangwa. Anayetafuta vumbi huelekea magharibi, kwenye njia ya Congo-Nile, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, kando ya Ziwa Kivu. Huko barabara kuu imeshawekwa lami, na kwa mkulima wa kahawa lori sasa linafika bila kukwama. Wenye baiskeli wameiacha na kushuka kwenye vijia vya zamani karibu na maji, ambako watoto hukimbia pembeni yao hadi pumzi ziwaishe.