Kutoka Jiwe la Pomonda hadi Majimaji: Uwanja uliowakutanisha waliokuwa wakikimbiana

MECHI kubwa ikipigwa Dar es Salaam, jioni ya Mbamba Bay hubadilika. Mitumbwi huwahi kuvutwa mchangani, usipa huanuliwa mapema, na vijana hujazana kwenye vibanda umiza. Wanaochelewa husimama mlangoni kwa sababu mabenchi yameshajaa.

Kamera ikionyesha paa la Uwanja wa Benjamin Mkapa kutoka juu, kelele huanza kabla hata timu hazijaingia. Wengi wao hawajawahi kufika pale. Kutoka ufukwe huu wa Ziwa Nyasa hadi Temeke ni zaidi ya kilomita 1,000. Lakini hakuna anayeuliza hapo ni wapi. Lile paa wanalijua kama wanavyoijua bendera.

Kila nchi ina jengo lake la namna hiyo, ambalo ukiliona tu unajua uko kwa nani. Tanzania imebahatika kwamba majengo yake mawili ya aina hiyo ni viwanja vya mpira, na yamesimama jirani kabisa.

La kwanza ni Uwanja wa Uhuru, ule ambao watani wanauita Shamba la Bibi. Pale ndipo usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961 bendera ya mkoloni ilishushwa na ya Tanganyika ikapandishwa. La pili ni huo wa Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 ukiwa na viti 60,000. Pale ndipo Taifa Stars ilipoichapa Uganda 3-0 Machi 24, 2019 na kurudi AFCON baada ya kusubiri tangu 1980. Pale pale, Agosti 2, 2025, Stars iliifunga Burkina Faso 2-0 kufungua CHAN.

Mashabiki siku hizi hawasemi tena Uwanja wa Taifa. Wanasema Kwa Mkapa, kama vile wanakwenda nyumbani kwa mtu. Jina hilo uwanja uliupata mwaka 2020, baada ya Rais huyo wa awamu ya tatu kufariki dunia Julai 24.

Wana Mbinga nao wana haki ya kutamba kidogo hapo. Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 alipita Seminari ya Kigonsera, iliyopo wilayani Mbinga, kando ya njia ya kutoka Songea. Kwa hiyo uwanja mkubwa kuliko yote nchini umebeba jina la kijana aliyewahi kula ugali wa Mbinga.

Hata hivyo, ukikaa na wazee wa Mbinga mjini, au ukashuka hadi Liuli na Mbamba Bay, utagundua kuwa kwa kizazi chao jengo la mpira lililowafanya wajione ni watu wa nchi moja haliko Dar es Salaam. Liko Songea. Ni Uwanja wa Majimaji.

WALIJIFICHA MIAMBANI NA MILIMANI

Kuelewa hilo, inabidi kuanzia ziwani. Pale Liuli kuna mwamba mkubwa unaoitwa Jiwe la Pomonda. Ukiutazama kutoka kwenye maji, unafanana na ile sanamu ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu. Wajerumani walipofika waliiita bandari hiyo Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe hilo. Agosti 13, 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa pale kwa matengenezo. Yalikuwa miongoni mwa mapigano ya mwanzo kabisa ya majini katika Vita ya Kwanza ya Dunia.

Lakini kwa wenyeji jiwe hilo lilikuwa na kazi yake kabla ya Mjerumani. Simulizi za Liuli zinasema watu walikuwa wakijificha kwenye mapango yake pindi wavamizi wanapokuja. Wavamizi hao walikuwa Wangoni, waliotoka kusini mwa Afrika katika karne ya 19 na kuweka makao yao upande wa Songea.

Panda sasa kutoka ziwani kuelekea Mbinga. Barabara ya lami inakata kona nyingi kwenye miinuko ya Umatengo, na kwenye miteremko unaona mashamba yaliyochimbwa vishimo vilivyopangana kama sega la nyuki. Hayo ni mashimo ya ngoro. Mkulima hupanga majani makavu kwa miraba, anayafukia, kisha anapanda mahindi au maharage kwenye matuta. Vishimo vinanasa maji na kuzuia udongo usiporomoke.

Utaalamu huo ni wa Wamatengo, na sehemu ya historia yake ni ile ile. Wangoni waliwasukuma juu milimani, wakabanana kwenye eneo dogo, ikabidi wajue kulima mteremko bila kuumaliza. Kwa maneno mengine, alama mbili kubwa za eneo hili, jiwe la ziwani na ngoro za milimani, zote zina kumbukumbu ya watu waliokuwa wakimkimbia jirani yao.

Halafu mpira ukaja.

JINA LILILOTOKA VITANI

Songea yenyewe ni jina la Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa Wangoni katika Vita ya Majimaji ya 1905 hadi 1907. Vita hiyo ilianzia kwa Wamatumbi, ikasambaa kwa Wangindo, Wapogoro, Wamwera, Wangoni na wengine. Ilikuwa mara ya kwanza makabila mengi ya kusini kusimama upande mmoja dhidi ya Mjerumani.

Walishindwa. Februari 27, 1906 makumi ya wapiganaji walinyongwa Songea na kuzikwa katika kaburi la pamoja. Nduna Songea naye alinyongwa. Waliokufa katika maeneo yote ya vita, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa, wanakadiriwa kufikia 300,000. Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika kwenye makumbusho ya vita hiyo mjini Songea na kuomba radhi.

Jina la vita hiyo ndilo walilopewa timu na uwanja wa Songea. Kubeba jina la namna hiyo si jambo dogo, na Songea haiko peke yake. Kinshasa kuna Stade des Martyrs, yaani Uwanja wa Mashahidi, uliopewa jina kwa ajili ya wanasiasa wanne walionyongwa hadharani mwaka 1966. Algiers kuna Uwanja wa Julai 5, siku ambayo Algeria ilipata uhuru wake mwaka 1962. Montevideo kuna Centenario, uliojengwa kwa Kombe la Dunia la 1930 na kupewa jina la miaka 100 ya katiba ya kwanza ya Uruguay.

Nchi hizo zingeweza kujenga minara tu. Lakini mnara watu huutembelea mara moja, wakapiga picha na kuondoka. Uwanja wanaurudia kila wiki, na kila wakitaja wanakokwenda wanataja historia yao bila hata kufikiria.

WANALIZOMBE WA WOTE

Majimaji ya Songea haikuwa timu ya kujaza ratiba. Ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano mwaka 1985, ikarudia 1986, na ikautwaa tena 1998. Ile ndiyo ligi iliyokutanisha klabu za Bara na Zanzibar, kwa hiyo aliyeishinda alikuwa bingwa wa nchi nzima bila mjadala. Timu kutoka mkoa wa pembezoni, ambao kwenda Dar wakati huo ilikuwa ni shughuli pevu, iliwapita Simba na Yanga mara tatu.

Mashabiki waliita timu yao Wanalizombe, jina linalotokana na lizombe, ngoma ya Wangoni.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Mkulima wa kahawa wa Mbinga, ambaye mababu zake walipanda milimani wakimkimbia Mngoni, akawa anashuka Songea kushangilia timu yenye jina la ngoma ya Mngoni. Mvuvi wa Liuli, ambaye bibi zake walijibanza kwenye Jiwe la Pomonda wakisubiri hatari ipite, akawa anatega sikio kwenye redio ya mkulima akiomba Mungu Wanalizombe wasifungwe.

Hakuna aliyewalazimisha, na hakukuwa na semina ya umoja wa kitaifa. Kulikuwa na uwanja, timu na matokeo. Mtu akikaa jukwaani dakika 90 na jirani ambaye zamani angemkimbia, wakakumbatiana kwa bao moja, hapo taifa limeshajengwa hata kama hakuna aliyetoa hotuba.

SASA MPIRA UKO KWENYE SKRINI

Tatizo ni kwamba hayo yanazidi kuwa hadithi za wazee. Majimaji ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2015/16, ikapambana misimu mitatu, ikashuka mwisho wa msimu wa 2017/18. Haijapanda tena hadi leo. Hata mshambuliaji wake aliyewasha moto msimu ule wa mwisho, Marcel Kaheza, alichukuliwa na Simba.

Uwanja bado upo na mpira wa madaraja ya chini unachezwa. Lakini kilichopotea kinaonekana Mbinga na Nyasa kuliko hata Songea. Zamani Simba au Yanga wakienda Majimaji, watu wa Mbinga walipata siku ya kusafiri. Waliwaona mastaa kwa macho yao, walirudi usiku wakiwa hawana sauti, na wiki nzima kahawa ilichumwa kwa stori za bao.

Leo barabara ni nzuri kuliko wakati wowote. Lami imetoka Songea ikapita Mbinga ikashuka mpaka Mbamba Bay. Njia ya kwenda uwanjani ipo, mechi ndiyo haipo. Mtoto wa miaka 10 wa Mbamba Bay anavaa jezi ya Simba au Yanga, na ukimtajia Wanalizombe huenda akadhani unazungumzia kikundi cha ngoma.

Nchi nayo inajenga. Kwa ajili ya AFCON 2027, ambayo Tanzania itaandaa pamoja na Kenya na Uganda, Arusha imepata mradi wa uwanja mpya. Hilo ni jambo jema na hakuna wa kulipinga. Lakini Wembley inatoa somo. Ile minara miwili ya zamani iliyokuwa alama ya mpira wa Uingereza ilibomolewa mwaka 2003, ukajengwa uwanja mpya na tao juu yake, ukafunguliwa 2007. Waingereza waliizoea alama mpya kwa sababu fainali ziliendelea kupigwa pale. Zege linabadilishwa, lakini mechi zikikatika, hakuna zege litakaloziba.

Ruvuma haidai uwanja wa viti 60,000. Unao uwanja wenye jina ambalo hakuna mwingine nchini wenye uzito wake. Unachodai ni timu ya kuutumia: wadau wanaotoa fedha mapema badala ya kuchangishana nauli ya basi asubuhi ya mechi, akademi zitakazowaokota vijana wanaopiga mpira mchangani Liuli na kwenye viwanja vya shule Mbinga, na viongozi wanaopanga kupanda daraja kwa misimu, si kwa tambo.

Kila Februari watu hukusanyika Songea kuwakumbuka walionyongwa mwaka 1906. Mashada huwekwa, ngoma hupigwa, kisha kila mtu hurudi kwake. Mashujaa wale wana kaburi na wana makumbusho. Siku Wanalizombe watakaporudi Ligi Kuu, watakuwa tena na majukwaa yaliyojaa watu wanaolitaja jina la vita yao kwa sauti ya juu, Mmatengo, Mngoni na Mnyasa wakiwa benchi moja.

Mpaka siku hiyo, Mbamba Bay wataendelea kuvuta mitumbwi mapema na kwenda Kwa Mkapa kupitia skrini.