Umeupenda Muziki? Kabla Hujalipa, Jua Pesa Inaenda Wapi

Ukiwa kwenye matatu pale Kengeleni, Frere Town, gengetone na Bongo Fleva zitakufikia tu bila kuzitafuta. Duma je? Hao hutawasikia hapo. Martin Khanja na Sam Karugu wa Nairobi walitoa albamu yao ya kwanza 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala: ngoma za kasi, mayowe, kelele za kupasua spika. (Punguza sauti kwanza, tafadhali.)

Muziki kama huu hupatikana Bandcamp. Unasikiliza, ukiupenda unanunua. Tovuti hukata 15% ya mauzo ya kidijitali, kwa hivyo kwenye dola 10 upande wa msanii hubaki 8.50, kabla ya ada ya malipo. Siku za Bandcamp Friday haikati fungu lake. Kama una subira, nunua siku hiyo.

Unalipa kwa PayPal au kadi. Ukitumia kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na simu yako, acha salio la ziada kidogo, maana bei ya dola hubadilika. Soma anwani ya tovuti vizuri. Ukiombwa PIN ya simu, toka hapo haraka. Duka la muziki haliihitaji. Albamu ukishaipakua, inacheza hata bando likiisha.